Chuchu Iliyo Hai: Mhadhara wa Uprofesa juu ya Upasuaji wa Kupunguza Matiti



Desturi ya mhadhara wa namna hii ni profesa mpya kuieleza fani yake kwa watu wasio wa fani hiyo. Nimechagua kuzungumzia matiti, na najua wapo waliotazamana walipoisoma mada pale mlangoni. Watazamane tu. Mwanamke mwenye kilo mbili za ziada kifuani hana mahali pa kuzitua, mchana wala usiku, na jamii yetu imemzoesha kunyamaza kwa kumwambia kwamba amejaliwa.

Mwaka 1669 daktari William Durston wa Plymouth, Uingereza, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu kijana wa kike aitwaye Elizabeth Travers, ambaye matiti yake yalikua ghafla kiasi kwamba hakuweza hata kujigeuza kitandani. Alifariki miezi michache baadaye. Titi lake la kushoto lilipopimwa lilikuwa na ratili 64, takribani kilo 29. Ugonjwa wa kiasi hicho ni nadra mno, na wengi wetu tutastaafu bila kuuona. Nimeutaja kwa sababu barua zile za Durston ni za tabibu anayehangaikia ugonjwa. Neno urembo halikuwa na nafasi humo.

Wagonjwa wa kawaida ni wengine kabisa. Ni mwalimu anayeshindwa kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Ni mwanafunzi anayekaa nyuma ya darasa amevaa sweta, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Shingo inauma, mgongo wa juu unauma, kamba za sidiria zimechimba mifereji mabegani, vidole vinakufa ganzi. Chini ya matiti kuna michubuko na fangasi, na kwa joto la pwani ngozi ya pale haipati siku ya kukauka. Wengi wameshatumia dawa za maumivu miaka nenda rudi, wamefanya mazoezi ya viungo, wamenunua sidiria za bei. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ujulikanao kwa jina la BRAVO, ulionyesha kwamba njia hizo haziwapi wanawake hawa nafuu ya kudumu, na upasuaji unawapa. Ulionyesha pia kwamba nafuu haifuati idadi ya gramu zilizotolewa. Hapo ndipo ninapogombana na kampuni za bima. Tangu mwaka 1991, daktari Paul Schnur alipochapisha jedwali lake la kulinganisha ukubwa wa mwili na gramu zinazoondolewa, kampuni nyingi za Marekani zimelitumia kuamua nani alipiwe. Kwetu hata mzani hautafutwi. Mara nyingi ombi hutupwa kwenye fungu la urembo, faili likafungwa.

Sasa niingie chumba cha upasuaji, maana hapo ndipo matarajio ya mgonjwa na uwezo wa daktari hukutana, na si kila mara hukubaliana.

Mgonjwa huja na picha kwenye simu. Anataka matiti yale. Mimi nikimtazama, jambo la kwanza ninalolifikiria ni damu. Kwa mtu mzima wa umbo la wastani, chuchu huwa sentimita 21 hadi 23 kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo. Kwa wagonjwa wetu huwa 35, au 40, au zaidi. Lazima ipandishwe. Na haiwezi kupandishwa ikaachwa inaning'inia bila mishipa ya kuilisha: itakufa, iwe nyeusi, ianguke. Kwa hiyo daktari huacha kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambacho sisi tunakiita kikonyo, na chuchu husafiri kwenda juu ikiwa bado imeshikwa nacho. Nyama inayokizunguka ndiyo inayopunguzwa. Ukubwa utakaopatikana, umbo la kovu, hisia, hata maziwa ya mtoto wa baadaye, vyote hutegemea kikonyo hicho. Mgonjwa akiniuliza kwa nini siwezi kumpunguzia zaidi, jibu langu karibu kila mara ni kwamba nikikata zaidi ya hapo chuchu itakosa damu.

Historia ya upasuaji huu tangu karne ya 20 kwa sehemu kubwa ni historia ya kukihamisha kikonyo. Max Thorek wa Chicago, mwaka 1922, alikwepa tatizo lote: aliitoa chuchu nzima nzima, akaishona juu kama kiraka cha ngozi. Njia hiyo bado tunaitumia kwa matiti makubwa kupita kiasi, lakini chuchu ya namna hiyo haitoi maziwa, hisia zake hupotea kwa sehemu kubwa, na kwenye ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka meupe. Mwaka 1956 Robert Wise alichora ramani ya kukatia ngozi baada ya kuchunguza jinsi sidiria zinavyokatwa. Fundi cherehani yeyote angeielewa bila kufundishwa. Strömbeck wa Sweden akaja na kikonyo cha kulala mwaka 1960, McKissock na cha kusimama mwaka 1972. Baadaye Madeleine Lejour wa Ubelgiji na Elizabeth Hall-Findlay wa Kanada wakaeneza njia zenye kovu fupi. Nafurahi kuwataja kina mama hawa wawili, kwa sababu kwa miaka mingi wanaume ndio waliokuwa wakiamua titi la mwanamke likae vipi.

Uzi huu unagusa na Afrika Mashariki. Madaktari watatu walioasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF, yaani Archibald McIndoe, Michael Wood na Tom Rees, walikuwa wa fani yangu hii ya upasuaji wa plastiki. Watu wanazikumbuka ndege zao. Wachache wanajua kwamba katika miaka hiyo hiyo McIndoe na Rees walikuwa wakiandika makala ya kitabibu kuhusu upasuaji wa matiti na madhara yake.

Siku yenyewe ya upasuaji huanza kwa kalamu. Nakuchora ukiwa umesimama, kwa kuwa titi la mtu aliyelala halisemi ukweli. Kisha nusu kaputi, saa mbili hadi nne mezani. Nyama inayotolewa hupimwa kwenye mzani, halafu hupelekwa maabara ya patholojia, maana mara chache sana hukutwa na saratani ambayo hakuna aliyeitarajia. Ndiyo sababu mwenye miaka 40 na zaidi hupigwa kwanza picha ya matiti. Mvutaji sigara nampa angalau wiki nne za kuacha, na asipoacha simpasui, kwa kuwa sigara hubana mishipa ile ile ninayohangaika kuiokoa. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu zizungumzwe mapema, na dawa za miti shamba pia. Tafadhali msizifiche.

Na sahihi ya ridhaa ni ya mgonjwa, akiwa mtu mzima. Mume akija namkaribisha, nampa kiti, namweleza yote mkewe akiridhia. Karatasi simpi.

Ukiamka utakuta bandeji, pengine na mirija miwili ya kutolea damu, na maumivu ambayo vidonge hutuliza. Wengi hulala usiku mmoja hospitali. Wiki za mwanzo matiti hukaa juu mno, yamevimba, yana pembe, na siku ya tatu au ya nne wapo wanaolia wakidhani wameharibiwa. Subira. Umbo hutulia baada ya miezi sita hadi mwaka. Kazi ya mezani unaweza kuirudia baada ya wiki mbili hivi. Ndoo ya maji, kinu, na mtoto wa kubeba mgongoni visubiri wiki sita, na hapa ndipo ninapotaka mume, shemeji na mama mkwe wasikilize kuliko mgonjwa, kwa sababu wao ndio watakaochota maji hayo.

Kasoro ya kawaida kuliko zote ni kidonda kinachochelewa kufunga pale mishono ya wima na ya mlalo inapokutana chini ya titi. Kinatisha kukitazama, na kwa kawaida hujifunga chenyewe kikisafishwa vizuri. Donge la damu, usaha, matiti kutofautiana kidogo, na mara chache kupoteza sehemu ya chuchu, hayo nayo huweza kutokea. Hisia za chuchu hupungua kwa wengi, kisha hurudi kwa baadhi. Swali la hisia na unyumba huulizwa mgonjwa akiwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, kwa hiyo siku hizi nalijibu kabla halijaulizwa.

Kovu huzunguka chuchu, hushuka wima, na mara nyingi hupita chini ya titi, umbo la nanga. Halifutiki. Kwa ngozi zetu kuna jambo la ziada: kifua ni miongoni mwa sehemu zinazopenda kuota keloidi, hasa ncha za kovu karibu na mfupa wa kati. Kama sehemu uliyochanjwa au uliyotobolewa sikio iliota keloidi, lisemwe hilo siku ya kwanza. Tunazo karatasi za silikoni, tunazo sindano za steroidi, na tunaweza kuliweka kovu mbali na katikati ya kifua. Ahadi ya kovu lisiloonekana sitoi, na anayeitoa mkimbieni.

Mwisho ni maziwa. Binti wa miaka 22 asiyeweza kufanya kazi kwa maumivu huambiwa asubiri hadi azae wote. Sikubaliani na ushauri huo. Kama matiti yake yameacha kukua kwa mwaka au zaidi, na mirija iliyo chini ya chuchu ikahifadhiwa pamoja na kikonyo, nafasi yake ya kunyonyesha ni nzuri, ingawa wengine hupata maziwa pungufu. Ajue hivyo kabla. Ajue pia kwamba mimba na unene huweza kuyakuza tena. Akijifungua amnyonyeshe mtoto mapema, mtoto apimwe uzito mara kwa mara, na ikibidi aongezewe chakula bila mama kulaumiwa. Ili muuguzi wa kliniki ajue anashughulika na nini, nawaomba madaktari wenzangu tumpe kila mgonjwa karatasi inayotaja kikonyo kilichotumika na gramu zilizotolewa kila upande, aitunze pamoja na kadi yake ya kliniki.