Deni la Mbia Wako ni Deni Lako



Nimeombwa kusema nanyi juu ya ubia, yaani watu wawili au zaidi kuunga mali zao na kufanya biashara pamoja. Faida zake hazihitaji maneno mengi: mmoja ana fedha, mwingine ana ujuzi. Nataka kusema hasa juu ya madeni, maana siku ya kupeana mikono watu hawayafikiri.

Tuseme watu wawili wamenunua mashine ya kusaga mahindi. Wa kwanza alitoa shilingi 400,000, wa pili 100,000, wala hawakuandika lo lote. Yule wa kwanza hudhani kwamba fungu lake la faida litakuwa kubwa mara nne. Sivyo. Kanuni iliyotoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1890 ni kwamba wabia wasipopatana vingine, hugawana faida sawasawa, na hasara vile vile.

Sasa yule wa pili aenda mjini, achukua mahindi ya shilingi 600,000 kwa mkopo, kwa jina la biashara yao. Mwenzake hana habari. Mahindi yaoza, na aliyeyachukua haonekani tena. Mwenye mahindi atamdai yule aliyebaki, tena deni zima, si nusu. Mali ya biashara isipotosha, hata ng'ombe na shamba lake vimo hatarini. Kusema "mimi sikutia sahihi" hakumwokoi, kwa sababu katika kazi ya kawaida ya biashara yao kila mbia husimama mahali pa wenzake. Kama mwenzake angalikopa nguo za arusi yake mwenyewe, hilo lingekuwa jambo jingine. Ni kweli kwamba akiisha kulipa aweza kumdai mwenzake fungu lake. Lakini atampata wapi?

Wengine huagana kwamba hakuna mbia atakayekopa zaidi ya kiasi fulani. Ni vema, tena iandikwe. Walakini maagano hayo hayamfungi mwuzaji asiyeyajua. Basi mpelekeeni barua, na benki iambiwe isitoe fedha bila sahihi mbili. Kadhalika mtu anayetoka katika ubia hatoki na madeni ya zamani yakafutika. Hata yale mapya aweza kudaiwa na watu waliomjua kuwa mbia, mpaka wapewe habari. Na wewe usiye mbia, usikubali jina lako liandikwe juu ya duka la ndugu yako ili aaminiwe. Aliyemkopesha kwa kulitegemea jina hilo aweza kuja kwako.

Watu wengi hudhani kwamba wakiisha kuandikisha jina la biashara wamepata kinga. Hawakupata. Ubia wa kawaida katika Kenya hufuata sheria ya mwaka 2012, na wabia hudaiwa kama nilivyoeleza. Lakini sheria nyingine, ya mwaka 2011, yaruhusu kuandikisha ubia wa namna ya pekee, unaohesabiwa kuwa kama mtu mbali na wenyewe. Deni lake ni lake, wala wabia hawadaiwi kwa sababu tu ni wabia. Hata hapo, benki ikitaka kila mbia atie sahihi yake katika hati ya dhamana kabla ya kutoa mkopo, anayetia sahihi amejirudisha mwenyewe katika deni. Hati hiyo isomwe mpaka mwisho, nyumbani, kabla ya kushika kalamu.