Gari, Askari na Kusudi la Dereva



Machi 1960, huko Woolwich, London, askari polisi alimwamuru dereva asogeze gari pembeni. Ndani mlikuwa na vyuma vya wizi. Dereva, Jim Smith, akakanyaga mafuta. Askari aling'ang'ania ubavuni, gari likayumba barabarani mpaka akaangukia mbele ya gari jingine na kufa. Smith alisonga kidogo, akatupa mzigo, kisha akarudi. Je, mtu huyo alikusudia kuua?

Sheria ya Uingereza ya 1957 ilikuwa imebakiza kitanzi kwa mauaji ya aina chache, ikiwemo kumuua polisi aliye kazini. Smith alihukumiwa kifo, lakini mahakama ya rufani iliona kosa ni kuua bila kukusudia, kifungo miaka 10. Malodi, waliokuwa ngazi ya mwisho, wakarejesha kitanzi: alichowaza Smith hakina uzito, kinachopimwa ni kile ambacho mtu wa kawaida angekitarajia. Hakunyongwa, adhabu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa kuifuata hukumu hiyo, na mwaka 1967 Bunge la Uingereza lenyewe likauondoa msingi wake. Mimi nasimama na Waaustralia. Ulinzi wa askari hauhalalishi kumzushia mshtakiwa mawazo ambayo hakuwa nayo.

Agosti 2019, Berkshire, konstebo Andrew Harper alinaswa miguu kwenye kamba ya kuvutia iliyofungwa kwenye gari la wezi, akaburutwa zaidi ya maili moja hadi kufa. Jopo la raia liliwaondolea vijana watatu shtaka la mauaji. Walifungwa kwa kuua bila kukusudia, mmoja miaka 16, wenzake miaka 13 kila mmoja. Mjane wake, Lissie Harper, alipigania mabadiliko, na sheria ya 2022 ikaweka kifungo cha maisha kwa anayemuua hivyo mfanyakazi wa huduma za dharura akiwa kazini, isipokuwa pawe na mazingira ya kipekee. Ni sheria kali, lakini ina unyofu ambao Malodi walikosa: inapandisha adhabu waziwazi, haisingizii nia.

Kwetu Kenya, kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu hata nia ya kumwezesha mtenda kosa kubwa la jinai kukimbia kuwa dhamira ovu ya mauaji. Smith angeshtakiwa Nairobi, huenda mabishano yote yale yasingehitajika. Naona mlango huo ni mpana mno, Bunge liupunguze. Dereva wa matatu anayemkimbia trafiki kwa kukosa bima ni habari nyingine: upande wa mashtaka utalazimika kuthibitisha kwamba alikusudia kuua au kujeruhi vibaya, au alijua kitendo chake kingeelekea kuleta madhara hayo. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wala sitarajii dereva aliyekwisha kukanyaga mafuta akumbuke vifungu. Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa polisi ni dogo kuliko sheria mpya: wapigeni marufuku askari kusimama mbele ya gari linalokimbia au kudandia mlango wake. Waandike namba, wapige redio kituo kinachofuata.