Kikao cha Walimu Kisiishie Kwenye Saini

Kwa miaka mingi, kumwendeleza mwalimu kazini kulimaanisha semina ya siku chache mjini. Aliyebahatika kuitwa alirudi na kabrasha. Wenzake hawakuambulia kitu. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka kubadili hali hiyo Tanzania Bara: walimu wajifunze shuleni kwao, ndani ya Jumuiya za Ujifunzaji, kwa moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania.

Hoja ni nzuri. Mara nyingi anayejua kwa nini watoto wa darasa la tatu wanakwama kwenye kugawanya ni mwalimu wa darasa la jirani. Lakini kukaa pamoja si kujifunza pamoja. Kikao kinachoanza kwa kusaini mahudhurio na kumalizika kwa picha ya kumtumia Afisa Elimu Kata hakimsaidii mtoto.

Walimu wa Japani, wenye desturi ya kujifunza pamoja kwa zaidi ya karne, huandaa somo kwa pamoja. Mmoja hufundisha, wengine huwatazama wanafunzi, kisha wote hulichambua somo, si mwalimu.

Kwetu, mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumtazama mwenzake, na anayeogopa kuchekwa hatamkaribisha yeyote. Basi mwalimu mkuu atenge muda kwenye ratiba ya wiki, naye akubali kufundisha akitazamwa. Mthibiti ubora wa shule naye, kabla ya kuomba daftari la mahudhurio, aulize: tangu mlipokaa, nini kimebadilika darasani?