Miungu wa Wagiriki Kwenye Ghuba ya Ungwana: Kufundisha na Kufasiri Visasili Pwani ya Kenya

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake Wakenya. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 2, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi hiyo ina vyanzo 339 vya miali. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wake, alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Vyanzo vilivyoipatia setilaiti hiyo sifa ni Cygnus X-1, Hercules X-1 na Centaurus X-3, vinavyoitwa kwa majina ya sura za nyota. Cygnus ni ndege wa majini ambaye, kwa simulizi moja, ndiye umbo alilojivika Zeus alipomwendea Leda. Hercules ni jina la Kirumi la Heracles, mwana wa Zeus aliyefanya kazi kumi na mbili za kuogofya. Centaurus ni kiumbe nusu mtu nusu farasi, kama yule Chiron aliyemlea Achilles na kumfundisha tiba. Kwa hiyo sehemu ya sayansi iliyoanzia Ngomeni imeandikwa vitabuni kwa majina ya visasili vya Wagiriki, na mtoto wa Ngomeni ana haki ya kuvijua visasili hivyo na kufundishwa jinsi ya kuvifasiri.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Kisasili hakifasiriki mpaka ijulikane nani alikisimulia, aliwasimulia akina nani na kwa haja gani. Mwanafunzi anayekariri kwamba Zeus ni wa radi, Poseidon ni wa bahari na Athena ni wa hekima amepata orodha ya majina. Kisasili chenyewe bado hajakifikia.

Wagiriki wenyewe hawakuwa na fasiri moja. Mnamo mwaka 700 kabla ya Kristo, mshairi Hesiod alipanga nasaba ya miungu na kueleza jinsi Kronos alivyowameza watoto wake kwa kuhofia kupinduliwa, mpaka Zeus akanusurika na kumpindua. Xenophanes wa Colophon, aliyezaliwa katika karne iliyofuata, aliwashutumu washairi kwa kuwapachika miungu wizi na uzinzi, akasema kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono wangewachora miungu wao wakifanana na ng'ombe na farasi. Plato, katika kitabu chake kuhusu dola bora, alitaka vijana wasisimuliwe kabisa kisa cha Kronos. Euhemerus, mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, alidai kuwa miungu walikuwa wafalme wa kale waliotukuzwa baada ya kufa. Wanafalsafa wa Stoa nao waliona humo mafumbo ya nguvu za maumbile.

Hata visa vyenyewe vina tarehe. Kisa cha kisigino cha Achilles, ambacho wengi hudhani ni cha Homer, hakimo katika mashairi ya Homer. Kisa cha mama yake kumchovya katika mto Styx kinajulikana zaidi kupitia Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Mwalimu anayeanza na mabishano haya humwonyesha mwanafunzi kwamba kufasiri ni kazi ya akili, yenye ushahidi na upinzani.

Pwani ya Malindi ina mfano wa aina yake. Mwaka 1572 mshairi wa Kireno Luís de Camões alichapisha utenzi wake mkuu, Os Lusíadas, kuhusu safari ya Vasco da Gama. Katika utenzi huo miungu wa Ugiriki na Roma wanaingia Bahari ya Hindi na kugombana juu ya meli za Wareno. Bacchus, ambaye Wagiriki humwita Dionysus, anahofia kwamba sifa zake za kuishinda India zitafunikwa na za Wareno, basi anajigeuza sura na kuwatega Msumbiji na Mombasa. Venus anawatetea, na pamoja na mabinti wa bahari anazisukuma meli zisiingie bandari ya Mombasa. Jupiter anamtuma Mercury, naye anamtokea da Gama ndotoni na kumhimiza akimbilie Malindi. Huko mfalme wa Malindi anamwomba mgeni asimulie habari za nchi yake, na simulizi hiyo inachukua sehemu tatu nzima kati ya kumi za utenzi. Ndani yake mfalme anasikia pia habari za Adamastor, jitu la Rasi ya Tumaini Jema, ambalo Camões alilibuni mwenyewe na kulihesabu miongoni mwa majitu yaliyoasi miungu.

Tuulize yale maswali matatu. Msimulizi ni Mreno aliyeishi Asia miaka mingi na kukwama kisiwani Msumbiji. Wasikilizaji ni mfalme wa Ureno na watu wake. Haja ni kuupa ubeberu mchanga sura ya jambo lililopangwa mbinguni. Ndiyo maana Mombasa imegawiwa hila na Malindi imegawiwa ukarimu. Historia ina maelezo mengine: Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu wa biashara, na mtawala wa Malindi alikuwa na sababu ya kutafuta rafiki mwenye mizinga. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Mombasa, akaipora na kuichoma. Mwanafunzi anayesimama kwenye nguzo ya da Gama pale Malindi akiyajua haya ataelewa kwamba miungu wa ushairi huweza kuvishwa sare za jeshi.

Matumizi mengine ya kisasili ni ya amani, nayo yanawahusu wakulima na wavuvi. Hesiod alimshauri ndugu yake Perses aanze kuvuna wakati mabinti saba wa Atlas wanapochomoza, na alime wanapozama. Alisema pia kwamba hujificha siku arubaini, na akaonya dhidi ya kusafiri baharini wanapomkimbia mwindaji Orion na kutumbukia majini. Nyota hizo ndizo Waswahili wanazoziita kilimia, na methali inajulikana: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pwani hii kilimia huzama jioni wakati wa masika, bahari ya kusi ikianza kuchafuka. Hapa kisa cha mabinti wanaokimbizwa kinatunza kalenda, na methali ya pwani inatunza kalenda bila kisa. Darasa lijadili kwa nini jamii moja ilitunga simulizi pale ambapo nyingine iliridhika na methali.

Ulinganisho wenye uzito zaidi uko ng'ambo ya ghuba. Ngomeni iko upande wa kusini wa Ghuba ya Ungwana. Upande wa kaskazini kuna Kipini, na karibu nayo Ozi, ambako huonyeshwa kaburi la Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo hawezi kuuawa kwa silaha ila kwa shaba ikimchoma kitovuni, na anayeitoa siri hiyo na kuitumia ni mwanawe mwenyewe. Shujaa anafia karibu na kisima, amepiga goti, upinde tayari mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Heracles naye aliangamizwa na mtu wa nyumbani: mkewe Deianeira alimvika vazi lenye sumu akidhani ni dawa ya mapenzi. Angani, katika sura ya nyota yenye jina lake, naye amepiga goti. Mshairi Aratus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliitaja sura hiyo ya nyota na kusema hakuna ajuaye ni nani. Baadaye ndipo wasimulizi walipompa Heracles nafasi hiyo. Kufanana huku kunavutia, lakini maana iko kwenye tofauti. Heracles anateketezwa juu ya Mlima Oeta na kupokewa miongoni mwa miungu. Liyongo anabaki mtu, mshairi, maiti yenye kaburi. Utendi wa Waislamu wa Lamu haungeweza kumfanya mungu, na huzuni yake ina nguvu kwa sababu hiyo.

Okot p'Bitek aliwaonya wasomi juu ya jambo hili katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika. Alilaumu waandishi, Wazungu kwa Waafrika, waliowavisha miungu wa Afrika mavazi ya falsafa ya Kigiriki ili waonekane wa heshima. Onyo hilo lingali hai. Mulungu wa Wamijikenda si Zeus wa kaya, wala Liyongo hahitaji kuitwa Achilles wa Waswahili ili astahili kusomwa.

Wapo wazazi watakaouliza kama miungu wa kipagani wanafaa kufundishwa kwa watoto wa madrasa na wa kanisa. Historia ya Uislamu ina jibu. Wataalamu wa Baghdad wa karne ya 9 walikitafsiri kitabu cha nyota cha Ptolemy kwa Kiarabu. Mwaka 964 al-Sufi alizichora sura zote za nyota zilizomo, na Perseus wake ameshika kichwa cha zimwi pale ambapo Wagiriki waliweka cha Medusa. Walijifunza anga bila kuabudu sura zake, kwa kuwa walijua wanachokisoma ni nini.

Walimu wa Magarini, Malindi na Kilifi tayari wana mada ya visasili na mighani katika fasihi simulizi. Waichukue Cygnus ya setilaiti ya Uhuru, mfalme wa Malindi wa Camões, kilimia cha Hesiod na goti la Heracles, wavifundishe kwa Kiswahili sambamba na Liyongo, na kwa kila kisa waulize maswali yale matatu. Chuo Kikuu cha Pwani kinafaa kuwaandalia kitabu cha kazi hiyo, chenye matini za Kigiriki zilizotafsiriwa moja kwa moja kwa Kiswahili na maelezo ya kila toleo na tarehe yake. Kazi hiyo ianze sasa.