Jina Lako na Karatasi za Serikali

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimefundisha Karatu na Ngorongoro kwa miaka mingi, na kila mwaka nimesimamia ujazaji wa fomu za mitihani. Fomu hutaka majina matatu, la mwisho likiwa la ukoo. Mtindo huo ulitoka Ulaya, ambako kwa kawaida baba, mwana na mjukuu hutumia jina moja la mwisho. Kwetu si hivyo.

Mtoto wa Kiiraqw aliyezaliwa wakati wa mvua anaweza kuitwa Tluway, yaani mvua. Sauti hiyo ya mwanzo haimo katika Kiswahili, hivyo karani mmoja huandika Tluwai na mwingine Tlway. Kwa Wadatoga, majina mengi ya kiume huanza na Gida, kama la mwanariadha Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Ya kike huanza na Uda. Wamasai husema ole, yaani mwana wa. Ofisi moja huliandika, nyingine hulifuta. Wengine hujiandikisha kwa ukoo, Laizer au Mollel. Basi watu wa maboma tofauti huonekana ndugu, na ndugu wa tumbo moja huonekana wageni.

Si jambo la kuchekesha. Nilimfahamu mzee mmoja aliyejulikana kanisani kwa jina la ubatizo, kazini kwa jina la babu yake, na kwenye kadi ya kupigia kura kwa jina la ukoo. Alipofariki, watoto wake walihangaika na viapo mahakamani kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni baba yao mmoja. Mafao yalikaa, na ada za shule zikadaiwa.

Vijana, msilitupe jina la kwenu ili kumrahisishia karani kazi. Ila chagueni mwandiko mmoja mapema. Lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA liwe hilo hilo kwenye mtihani na kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.

Nanyi wenzangu mlioko maofisini, mkiletewa jina msilolijua, mwombeni mwenyewe aliandike. Dakika moja ya kuuliza huwaokoa yatima miaka ya kuhangaika.