Tusingoje Moshi



Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani Kilimanjaro. Ilitangazwa kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kilomita za mraba 95 hivi ziliungua, na watu mamia walipanda kuuzima, wanafunzi na wanavijiji wakiwamo.

Sisi tunasema hivi: miti ile ya juu hunasa maji ya ukungu. Ikiungua, mito na mifereji yetu hupungukiwa. Basi kabla ya kiangazi tufyeke njia za kuzuia moto, na mrina asali asiache kijinga kikiwaka.

Msitu wa umma ni wetu sote, na hasara yake ni yetu sote. Tushike majembe leo, tusingoje moshi.