Michi miwili, kinu kimoja

Leo sisemi mpira wa miguu. Mashabiki wa klabu ya Mazembe mtanisamehe, kesho tutarudi huko.

Mmewaona mama wawili wakitwanga muhogo katika kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Wala hawahesabu; wanasimuliana habari za sokoni, wanacheka, na mikono yenyewe inajua zamu yake. Sasa wape raketi, waweke wavu mbele yao, na ng'ambo ya wavu mama wengine wawili. Huo ndio mchezo wa vinyoya, badminton, wa wanawake wawili wawili.

Ninayetaka kumsema ni Greysia Polii, Mwindonesia, mzaliwa wa Jakarta mwaka 1987. Wengine wanaanza habari yake na medali. Mimi naanza na aibu.

Olimpiki ya London, 2012. Mwaka huo badminton ilianza kuchezwa kwa makundi kabla ya robo fainali. Tarehe 31 Julai jozi moja ya China ikafungwa na Wadenmark, ikashika nafasi ya pili katika kundi lake. Mahesabu yote yakageuka. Wachina wengine, walio namba moja duniani, hawakutaka kukutana mapema na wenzao, wakaamua kupoteza. Wakorea waliocheza nao, na wao wakataka kupoteza! Kisha akaingia Greysia na mwenzake Meiliana Jauhari dhidi ya Wakorea wengine, na mambo yakawa yaleyale: atakayeshinda atawakuta wale namba moja. Kipira cha vinyoya kikapigwa wavuni makusudi, sevisi zikatoka nje, ukumbi mzima ukazomea. Kesho yake wachezaji 8 wakafukuzwa mashindanoni.

Walikosea, sibishi. Mtu amenunua tiketi yake, humchezei igizo. Lakini aliyepanga ratiba ambayo kufungwa kuna faida kuliko kushinda, huyo hakuzomewa na mtu. Baadaye wakubwa wa mchezo waliamua kwamba jozi zinazoshika nafasi ya pili zipigiwe kura upya baada ya makundi. Kwangu mimi huko ni kukiri kosa, ingawa hakuna aliyelitamka.

Greysia akarudi mazoezini. Akapewa mwenzake mwingine, Nitya Krishinda Maheswari, wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Incheon mwaka 2014, na Rio 2016 wakaishia robo fainali. Nitya akaumia. Greysia anakaribia miaka 30, umri ambao wengi wanafikiria kutundika raketi, na mwaka 2017 anawekwa pamoja na binti wa miaka 19 kutoka Sulawesi, Apriyani Rahayu. Muulizeni mama yeyote anayetwanga: ukibadilishiwa mwenzako, siku za kwanza michi inagongana. Nani arudi nyuma kupiga smashi, nani abaki karibu na wavu? Mnajifunza upya, mmoja ana haraka ya ujana, mwingine ana magoti ya utu uzima.

Miaka minne baadaye, tarehe 2 Agosti 2021, wako fainali ya Olimpiki ya Tokyo mbele ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Kipira kiko hewani, kinakwenda na kurudi, mara nyuzi za raketi ya Greysia zinakatika. Katika badminton mchezo hausimami kwa sababu yako. Anatoka mbio mpaka kwenye mfuko wake pembeni, anavuta raketi nyingine, anarudi mbio, na kipira bado hakijagusa chini. Pointi wakaipata wao. Mechi ikaisha 21 kwa 19 na 21 kwa 15, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Indonesia kwa wanawake wawili wawili. Greysia alibakiza siku chache kutimiza miaka 34. Juni 2022 aliwaaga mashabiki wake palepale Jakarta.

Siku mkipata mtandao mzuri, itafuteni video ya ile pointi. Macho ya watu wote yanamfuata Greysia anayekimbilia raketi. Ninyi mwangalieni yule binti aliyeachwa peke yake katika uwanja wa watu wawili, namna alivyoendelea kutwanga.